Mawe ya Hangari

Yaya Nabintu, dada yangu mkubwa,

Naanza na habari yenyewe, maana wewe hukuwa mtu wa kusubiri salamu ziishe: kamba imekatwa. Ile kamba iliyoigawa hangari yetu katikati, Wakongo huku, Warundi kule, imekatwa, na aliyeikata ni Mama Spès wa Warundi mwenyewe, kwa kile kisu chake cha kukatia ndizi. Najua hapo ulipo umeshika kiuno. Najua unasema, "Zawadi, unanidanganya." Sikudanganyi, Yaya. Tulia nikusimulie, ila kabla hatujafika kwenye furaha kuna jambo langu moja baya ambalo sikukuambia ulipokuwa hai, na leo lazima ulisikie.

Unakumbuka siku za kabla ya hangari. Sisi wa muhogo na mboga za lengalenga tulikuwa tunauzia upande mmoja wa barabara ya Base Camp hapa kambini, juani, na Warundi wa maharage na ndizi upande wa pili, juani vilevile. Hatukuwa na ugomvi wowote, jua lilitutosha wote. Ilipojengwa hangari, lile paa la mabati lisilo na kuta, tukapata kivuli, na kwa kivuli hicho tukaanza kuchukiana.

Tena si kivuli chote kilichogombaniwa. Ni pale mbele tu, panapotazama barabara, pikapu za wanunuzi kutoka Mbarara zinaposimama. Ukikaa mbele umeuza kabla ya saa nne asubuhi. Ukikaa nyuma, maji ya paa yanakumwagikia mgongoni na mnunuzi anakufikia mikono imeshajaa, anakuonea huruma tu na kukuuliza habari za watoto.

Jumamosi ile, siku mbili kabla ya hangari kufunguliwa, ulikuwa umekwenda Mbarara kutafuta mifuko ya unga. Uliniachia salongo: niwakusanye wanawake wa kikundi chetu, tufagie na kusafisha, kama tulivyokuwa tukifanya kwetu Fizi. Nilipofika na mafagio nikakuta mawe sakafuni, yamepangwa mstari baada ya mstari kuanzia mbele kabisa. Nikasema mafundi wameacha uchafu wao. Tukayajaza kwenye mabeseni, tukayatupa mtaroni.

Kila nilipoisimulia habari hii niliishia hapo. Kosa la kawaida. Sisi sokoni tunakamata nafasi kwa mkeka au beseni. Nani angejua kwamba Warundi walikuja Ijumaa kupanga mawe, kama tunavyofanya sote kwenye foleni ya kupokea chakula cha wakimbizi, kila mtu na jiwe lake limsimamie wakati yeye amekaa kivulini? Kila aliyenisikiliza aliniamini. Lakini Yaya, kwenye beseni la tatu kulikuwa na jiwe lenye rangi ya kucha. Nyekundu. Herufi S, imeandikwa vizuri, na msalaba mdogo pembeni. Hakuna fundi duniani anayepaka jiwe rangi ya kucha. Nilijua. Nililishika mkononi, nikatazama kulia na kushoto, nikaona pale mbele palivyo pazuri, nikatuona sisi tumekaa pale. Kisha nikalitupa pamoja na mengine.

Mengine unayajua. Jumatatu Warundi walitukuta tumeshatandaza mikeka mbele yote. Unga ukamwagika, maharage yakamwagika juu ya unga, na Mama Neema wetu akapoteza kiatu kimoja ambacho mpaka leo anasema kimekimbilia Burundi. Tulipoitwa kwenye ofisi ya kambi, Mama Spès alikunyooshea kidole mbele ya watu wote. Alisema wewe ndiye kiongozi, wewe ndiye uliyetuma mawe yao yatupwe. Mimi nilikuwa nyuma yako, karibu kiasi cha kusikia pumzi yako. Uligeuka ukanitazama mara moja, ukamgeukia tena, ukasema, "Kikundi ni yangu, kosa ni yangu." Na mimi, mdogo wako wa tumbo moja, nikafunga mdomo.

Ulijua, Yaya? Lile jicho ulilonitupia, ulijua? Nimelifikiria mpaka kichwa kimeuma.

Wiki ile ndipo kamba ilipofungwa, kutoka barabarani mpaka nyuma, nusu yao, nusu yetu. Na kamba yenyewe haikutulia. Kila asubuhi tulikuta imesogea, leo shubiri moja kwao, kesho shubiri moja kwetu, na hakuna aliyekuwa ameigusa. Sisi tukiimba nyimbo za kanisani, wao wanapiga madebe. Wao wakisali rozari, Mama Neema anaanza kukohoa. Na hata ndani ya nusu yetu, tusifichane, wenye viwiko vikali ndio waliokaa mbele kila siku. Warundi hawakukusalimu tena, wewe uliyekuwa unasalimia mpaka mbuzi.

Kila asubuhi ya soko ulikuwa unaniachia lile beseni lako la kijani na kwenda kuzunguka, kwa wauza ndala, kwa wauza sabuni, kwa mgonjwa yeyote uliyesikia habari zake. Na neno lako la kuniomba nikulindie nafasi lilikuwa lile lile: "Unichungie fasi, nakuja." Ulipougua, pale hospitali ya Ruharo, walipokuja kukuchukua kwa kitanda chenye magurudumu, ulinipa kitenge chako nikishike, ukasema vilevile. "Unichungie fasi, nakuja." Nikaitikia. Nikakaa kwenye benchi na kitenge mapajani mpaka daktari akatoka.

Hukuja.

Kwenye kilio chako, Mama Spès alifika. Peke yake, Yaya, kati ya Wakongo wote wale waliokuwa wanamkazia macho, na sufuria ya maharage kichwani. Alikuwa hata hajaishusha nikamwambia, "Chakula yenu tunaogopa." Aliigeuza miguu yake akaondoka na sufuria yake, na mimi nikarudi kulia. Nilikuwa na hasira na Mungu, nikaimwagia yeye kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Basi wenzetu wakanichagua nikae kwenye kiti chako. Nilikataa, wakadhani ni unyenyekevu. Sikuwa nimemaliza hata kujifunza kazi yenyewe, karatasi ya ofisi ikabandikwa kwenye nguzo ya hangari: vikundi viwili vipatane kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo hangari inageuzwa ghala na wauzaji wote wanarudi barabarani. Juani, Yaya. Kule kule tulikotoka, na mvua zilikuwa zimeshakaribia.

Na siku hiyo hiyo akaja Jovia. Unamkumbuka Jovia wa Kakiika, yule mnunuzi mwenye pikapu nyeupe, aliyecheka siku nzima aliponisikia nakuita Yaya, akidhani wewe ni mlezi wangu wa kulipwa. Alikuwa amechoka kuegesha mara mbili, mara moja kwetu kwa muhogo, mara ya pili kwao kwa maharage, kwa sababu hakuna mzigo uliokubaliwa kupita chini ya kamba. Alisimama pale barabarani akatupigia kelele pande zote mbili. "Nyinyi watu iko na maneno mingi! Mimi nataka mizigo, mimi hapana polisi. Kama hii vita haiishi, bambi, mimi naenda nunua kwingine." Jovia akiondoka, wengine wanamfuata. Tukajua hivyo sote, na bado tukakutana mara mbili bila kuelewana hata juu ya nani aanze kusema.

Mkutano wa pili ndio ulioniua. Tulikuwa tumebishana mpaka sauti zimekauka, nani alifika kwanza, nani ni wengi, nani ana wajawazito. Halafu Mama Spès akaniambia, bila ukali wowote, "Nabintu amekufa hajaturudishia mawe yetu. Weye utatuambia nini?"

Nilirudi nyumbani nikapika ugali ukaungua.

Asubuhi ya mkutano wa tatu nilichukua beseni lako la kijani nikashuka mtaroni. Ungeniona ungecheka: kitenge nimekifunga mapajani, matope mpaka magotini, chupa za plastiki zinaelea, mbuzi wa watu kasimama ukingoni ananiangalia kazi yote. Mengine yalionekana upesi. Mengine niliyachimbua kwa vidole. Lile lenye S nililipata la mwisho, limezama chini kabisa, rangi imebanduka upande mmoja, msalaba wake bado upo. Nililia kidogo pale, halafu nikaona mbuzi ananitazama nikaacha.

Nikaliweka beseni kichwani. Shingo nusura iingie kifuani. Nilipoingia hangari watu walikuwa wamekwisha kukaa, wao kwao, sisi kwetu. Nikalishusha beseni chini ya kamba, katikati kabisa, nikasema kwa Kiswahili chetu kwa sababu kile kizuri kilinikimbia. "Njo mimi, ni mimi. Haikuwa yaya. Yeye alikuwa Mbarara, hakunituma. Ile mawe ni mimi nilitupa, na niliona alama yenu, na nilitupa tu." Nikasema tena kwamba ulibeba kosa langu mbele ya ofisi, ukaenda nalo mpaka kaburini, na mimi nikakuacha uende nalo. Nikasema na habari ya sufuria. Nilisema yote, Yaya. Nilitaka kuapa, nikakosa cha kuapia.

Mama Neema ndiye wa kwanza kusema, na alikuwa upande wetu: "Zawadi, umetuuza." Mama Spès aliinama, akatafuta ndani ya beseni, akalitoa jiwe lake. Alilifuta kwa ncha ya kitenge chake mpaka msalaba ukaonekana. Akalitazama, akanitazama mimi, akageuka akaenda zake.

Nikajua basi, nimeua kila kitu. Warundi wengine walianza kukusanya vikapu. Nikawaza hangari iliyojaa magunia ya watu wengine, nikawaza wenzangu juani na watoto migongoni, na kosa ni langu mara mbili sasa. Mara nikasikia Mama Neema anapiga yowe: "Banatuua!" Mama Spès alikuwa anarudi na kisu.

Alipita katikati yetu bila kumtazama mtu. Akaishika kamba kwa mkono wa kushoto, akaikata. Yaya, ile kamba ilikuwa imekazwa sana mpaka ilipokatika ilipiga nguzo paa! na mama wawili wa kwetu wakalala chini. Yeye akasimama na kipande mkononi, machozi yanamtoka, akaniambia, "Muda wote huu nimemnyima salamu mtu asiye na kosa. Nitaanzia wapi kumwomba msamaha? Weye utanisaidia. Kaa chini."

Nikakaa.

Halafu akatuuliza swali moja sote, Wakongo na Warundi, na mpaka leo najiuliza kwa nini hakuna aliyeliuliza siku ya kwanza. "Kule kwenye foleni ya chakula, jiwe linakaa pale pale siku nzima?" Mtu akajibu kwamba linasogea. "Basi," akasema. "Sisi tuliyapanga hapa tukitaka yasitoke tena. Tulikosea sisi, halafu nyinyi mkakosea juu yake."

Kazi ilianza saa ile ile. Tuliosha mawe. Sisi tusiokuwa na mawe tukaenda kuokota yetu, na Mama Neema, aliyekuwa ameninunia, akarudi na jiwe kubwa lisilobebeka, likakataliwa. Kichupa cha rangi ya kucha kiliisha kabla hatujafika nusu, wasichana wakatoa vyao, ndiyo maana sasa tuna mawe ya zambarau na mengine yanang'aa. Tukayachanganya: la Mrundi, la Mkongo, la Mrundi. Na sheria ni moja. Kila siku ya soko, mstari wa mbele unarudi nyuma kabisa, na mistari mingine yote inasogea hatua moja. Aliye nyuma leo anajua siku yake ya mbele, anaweza kuihesabu kwa vidole.

Usidhani ilikwenda kama maji. Siku ya pili tu ya kusogea, Mama Neema aligoma kutoka mbele. Mgongo unamuuma, miguu imevimba, amepata baridi. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia ninachofikiri, Mama Spès akanishika mkono. Akamwendea, akainama, akalichukua jiwe lake kwa mikono miwili na kapu lake la muhogo kichwani. "Njoo Mama, nikubebee mimi." Mbele ya macho ya soko zima, ungefanyaje? Mama Neema akainuka akamfuata kimya kimya. Leo yeye ndiye mkali kuliko sote. Amejinunulia filimbi. Ukichelewa kusogeza jiwe lako anakupulizia sikioni, Mrundi uwe Mkongo uwe.

Jovia alipokuja na kukuta maharage yamekaa ubavuni mwa muhogo, alizunguka hangari mara mbili akitafuta kamba. "Eh, banange! Leo napaki mara moja tu?" Akapakia mpaka springi za pikapu zikalia. Na siku ya mwisho ya mwezi akaja bwana wa ofisini na kalamu yake. Akatembea katikati ya mawe kwa uangalifu. Akauliza Wakongo wako upande gani na Warundi upande gani. Tukatazamana. Mama mmoja wa Kirundi akamjibu, "Leo, au siku ya soko ijayo?" Kila mtu akacheka, na yeye akacheka, akaenda kwenye nguzo akaibandua ile karatasi kwa kucha zake.

Tumeshinda, Yaya! Tuliruka kama vichaa. Sisi tukaimba wimbo wetu, wao wakapiga madebe yao, na safari hii wimbo na madebe vilikuwa vya kitu kimoja, ingawa kusema kweli havikupatana hata kidogo. Nilikutafuta kwa macho. Nimekuwa nikifanya hivyo mara nyingi, nakutafuta nikuonyeshe kitu.

Sasa la mwisho, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Siku ile ya kupanga mawe, tulipokaribia kumaliza, Mama Spès alisimama akahesabu, akahesabu tena. Akauliza, "Na la Nabintu liko wapi?" Nikamwambia hukuwahi kuwa na jiwe, wewe ulikuwa mtu wa beseni. Akaenda mtaroni mwenyewe, na viatu vyake vya kwenda misa, akarudi na jiwe moja la duara. Akakikung'uta kile kichupa kilichokwisha, likatoka tone la mwisho jekundu, akaandika N. Hakukupendelea, namshukuru kwa hilo. Alikuweka mstari wa nyuma kabisa, pale maji yanapomwagika. Na kila siku ya soko amelisogeza yeye, lake kwanza, kisha lako, wala hajanipa mimi nafasi ya kulishika.

Leo limefika mbele, Yaya. Limekaa barabarani kabisa, hata vumbi la pikapu linaliangukia. Nilifika asubuhi nikaenda mahali pangu, mstari wa tatu, Mama Neema akanipulizia filimbi. "Lete beseni ya dada yako, ukae fasi yake!" Nikalichukua lile la kijani nikalijaza muhogo wetu ule mweupe, nikakaa karibu na jiwe lako. Jovia alishuka akauliza kama kawaida yake, "Leo hapa ni kwa nani?" Waliojibu ni Warundi waliokuwa nyuma yangu, wengi kwa pamoja: "Kwa Nabintu!" Walilitaja jina lako kwa nguvu, Yaya, jina ambalo walikuwa wanalitemea mate. Nimelia mbele ya wanunuzi na sikuona haya.

Muhogo wako umeisha kabla ya saa tatu. Mchana Mama Spès amekuja na sufuria ya maharage, ile ile, naijua kwa mfuniko wake uliopinda. Nimeipokea kwa mikono miwili nikapiga goti. Tumekula hapo hapo mbele, mimi na yeye, na jiwe lako katikati yetu. Ametia chumvi nyingi. Sijamwambia.

Sasa watu wanafunga mizigo na mimi namalizia. Siku ya soko ijayo jiwe lako linarudi nyuma, kwenye maji, maana hapa hatumpendelei mtu. Nimemwomba Mama Spès safari hiyo anipishe, nilibebe mimi, na amekubali. Nakuahidi kwa mikono hii hii iliyotupa la mwenzako: lako halitakosa msogezaji, wala jina lako halitasemwa tena kwa kosa langu.

Nenda sasa, najua una watu wa kuwazungukia na kuwasalimia huko. Fasi yako nimeichunga, Yaya. Na wewe huko unichungie fasi. Nakuja, ila si upesi, bado nina mawe ya kusogeza.

Mdogo wako,
Zawadi